Sini Haiungani: Tafuta Kosa Kwenye Storibodi Kabla ya Kuilaumu Kamera

Nimekaa kwenye kiti cha uhariri miaka mingi, na kazi ninazoletewa zikiwa zimekwama huwa zinafanana. Muongozaji anasema kamera ilikuwa mbovu, au msanii hakujiandaa. Namwomba storibodi. Akiwa nayo, mara nyingi ni michoro mizuri, kila kisanduku na picha yake, lakini hakuna palipoandikwa kisanduku cha tatu kinaishaje na cha nne kinaanzaje. Kosa huwa naliona hapo, kwenye kiungo, kwa sababu filamu huvunjikia pale picha moja inapoipokea nyingine.

Nitatumia sini moja kote ili tuelewane. Binti anaingia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Anamtafuta mjomba wake aliyemwahidi ada ya shule. Anamkuta mnadani, wanazungumza, anaondoka na bahasha. Ni dakika mbili za filamu, shoti 14 kwenye karatasi. Tafuta dalili inayokusumbua, anza na sababu ya kwanza, wala usirukie ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayohitaji kifaa kipya.

Dalili: ukikata, kichwa cha mhusika kinashtuka

Mtu ni yuleyule, maneno ni yaleyale, lakini penye mkato anaruka kama amepigwa kofi.

Sababu kubwa ni shoti mbili kufanana mno. Umemchora binti kutoka kiunoni, halafu kisanduku kinachofuata umemchora kutoka kifuani, kamera ikiwa palepale. Jicho la mtazamaji halioni shoti mpya, linaona hitilafu. Kipimo chake hakina gharama: ziba visanduku vingine vyote kwa karatasi, ubakize viwili vinavyofuatana, mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Akisema "si picha ileile?", umepata jibu. Ihamishe kamera angalau nyuzi 30 kumzunguka mhusika, na ukubwa wa picha ubadilike hatua nzima: kutoka mwili mzima kwenda kifuani, au kutoka kiunoni kwenda usoni.

Sababu ya pili ni tendo lisilorudiwa. Kwenye shoti pana mjomba anatoa bahasha mfukoni, kwenye klozapu, yaani picha ya karibu, bahasha iko tayari mkononi mwa binti. Mhariri hana pa kukatia. Chini ya kila kisanduku andika mkato utatokea kwenye tendo gani: "kata vidole vya binti vinapogusa bahasha." Halafu tendo hilo lipigwe zima, mwanzo hadi mwisho, katika shoti zote mbili. Mkato uliofichwa ndani ya mwendo hauonekani.

Sababu ya tatu ni shoti kukosa mkia. Kameramani anawasha msanii akiwa ameshaanza kusema, anazima neno la mwisho likiwa bado mdomoni. Kubalianeni sekunde 5 kabla na sekunde 5 baada, hata kama msanii amekosea.

Ikiwa mmeshapiga na mmerudi nyumbani, dawa ni shoti za pembeni: kisu kinachopara magamba, mikono ya dalali, mizani inayoyumba. Mimi nataka angalau mbili za namna hii zichorwe kwa kila sini, zipewe nambari kama shoti nyingine, maana zikiachwa ziwe "tutapiga tukipata muda" hazipigwi. Dawa nyingine ni kuikuza picha. Ukipiga kwa 4K, yenye upana mara mbili ya 1080, na unatoa kazi kwa 1080, unaweza kuikuza hadi mara mbili bila kupoteza ukali. Ukipiga kwa 1080 na unatoa 1080, nafasi hiyo huna.

Acha kuhangaika na mashine ikiwa kinachokosekana ni uso wa binti anapopewa jibu. Hakuna mkato utakaouzaa uso huo. Mrudishe msanii, nguo zilezile, mwanga wa saa ileile, mpige klozapu hiyo moja. Msipige sini nzima upya.

Dalili: wanazungumza lakini hawatazamani

Hili ndilo linalonileta mbio kuliko yote, kwa sababu linaharibu hisia na mtazamaji hajui kwa nini. Binti anamlilia mjomba, lakini kwenye skrini wote wawili wanatazama kulia, kama watu wanaosubiri daladala moja.

Karibu kila mara kamera imevuka mstari. Chukua vifuniko viwili vya soda, viweke juu ya karatasi: kimoja binti, kingine mjomba. Piga mstari kati yao na uurefushe pande zote mbili. Paka rangi upande mmoja. Kamera zote za mazungumzo hayo zikae upande wenye rangi, na binti atabaki akitazama kulia, mjomba kushoto, kuanzia shoti ya kwanza hadi ya mwisho. Ramani hii ya kutoka juu inatakiwa ikae ukurasa mmoja na storibodi. Michoro ya mbele peke yake haitakuonyesha kosa hili mpaka umeshachelewa, kwani kila kisanduku kikitazamwa peke yake kiko sawa.

Mnadani mambo ni magumu zaidi. Dalali amezungukwa, anatupa macho pande zote, na mistari ni mingi kama watu walivyo. Usijaribu kuitii yote. Amua nani anazungumza na nani katika kipande hicho cha sini. Mstari wa wawili hao ndio unaotawala. Mjomba akimgeukia dalali, mstari umebadilika, na kugeuka kwake lazima kuonekane ndani ya shoti. Ukikikata kile kigeuko, umempoteza mtazamaji.

Kuvuka si dhambi, mradi mtazamaji avuke pamoja nawe. Kamera inaweza kutembea ikavuka ndani ya shoti moja bila kukatwa. Mhusika anaweza kuvuka mwenyewe mbele ya kamera. Au weka katikati shoti iliyosimama juu ya mstari wenyewe, binti akija moja kwa moja kwenye lenzi, kisha tokea upande wa pili.

Sababu inayofuata ni kimo cha macho. Mjomba amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, binti amesimama. Basi klozapu ya mjomba lazima atazame juu, ya binti atazame chini. Kwenye karatasi wamechorwa wote wakitazama usawa, na siku ya kupiga msaidizi anayemsomea msanii maneno amesimama popote palipo na kivuli. Andika kwenye kisanduku cha binti: "msomaji akae chini, kulia karibu na lenzi." Kadiri msomaji anavyokaribia lenzi ndivyo macho ya msanii yanavyomgusa mtazamaji.

Ndugu ya kosa hili ni mwelekeo wa safari. Binti akitoka nje ya fremu kwa upande wa kushoto, shoti inayofuata aingie kutokea kulia. La sivyo ataonekana amegeuza njia anarudi nyumbani. Mshale mmoja tu kwenye kila kisanduku chenye mwendo unatosha. Mchoro wa vijiti wenye mshale una thamani kuliko sura iliyotiwa kivuli vizuri isiyo na mshale.

Onyo kuhusu dawa ya haraka ya kugeuza picha kwenye programu ya uhariri ili kulia kuwe kushoto: jina la kanga litasomeka kinyumenyume, vifungo vya shati la mjomba vitahamia upande mwingine, na maandishi ya ubavuni mwa daladala inayopita nyuma yatakuwa fumbo. Geuza tu shoti isiyo na maandishi wala kitu ambacho mtazamaji ameshakizoea upande wake.

Dalili: storibodi ni nzuri, chumba kimeikataa

Tuseme usiku binti yuko nyumbani, anahesabu pesa kitandani. Umechora mwili mzima, kitanda chote na dirisha. Chumba ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kila upande, na kamera ikiegemea ukuta inabaki na mita 2 hadi kwa msanii.

Kabla ya kulaumu lenzi, piga hesabu hii. Upana unaoonekana ni umbali, mara upana wa kihisi cha kamera (sehemu inayopokea mwanga), gawanya kwa namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Kihisi kikubwa kina upana wa milimita 36. Kwa lenzi ya 50 ukiwa mita 2, unaona upana wa mita 1.44. Kwa lenzi ya 24, mita 3 kamili. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi cha takriban milimita 23.5, kwa hiyo lenzi ya 24 inakupa kama mita 2 tu. Kimo ni kidogo zaidi: kwenye umbo la 16:9, kihisi kikubwa na lenzi ya 24 ukiwa mita 2 vinakupa mita 1.69 kwenda juu, na binti akisimama anaingia kwa shida, bila nafasi ya kutosha juu ya utosi wala chini ya miguu.

Ukishaijua hesabu hiyo, mambo yanajipanga. Kwanza nenda ukague ukiwa na simu na futi ya fundi, usitegemee picha ulizotumiwa. Kama haitoshi, toa kamera nje upigie kupitia mlango au dirisha. Nondo na pazia vitakaa mbele ya picha na vitasaidia hadithi. Kama bado, ichore upya sini kwa vipande: miguu, noti kitandani, uso. Mimi napenda hii ya mwisho kuliko lenzi pana sana, ambayo ikisogezwa karibu huvimbisha pua ya msanii na kuupinda ukuta.

Kubomoa ukuta wa mbao, kuning'iniza taa darini au kupanda juu ya bati si kazi ya msaidizi wa muongozaji. Muulize mwenye nyumba, na mlete fundi.

Dalili: jua limezama, shoti 5 zimebaki

Waongozaji wengi wanadhani dawa ni kukimbia. Mara nyingi chanzo ni kupiga kwa mpangilio wa hadithi. Zile shoti 14 za Feri, ukizifuata kwenye karatasi moja baada ya nyingine, zinaihamisha kamera mara 14. Kwa timu ndogo ya watu sita, kuhamisha na kupanga upya ni kama dakika 30, kupiga ni 15. Hiyo ni saa 10 na nusu, bila chakula. Zikusanye kwa kituo cha kamera: zote zinazotazama mnadani pamoja, zote zinazomtazama mjomba pamoja. Shoti 14 zinaingia kwenye vituo 6, na kwa hesabu ileile, kuhamisha mara 6 na kupiga mara 14, ni saa 6 na nusu.

Kwa hiyo unahitaji karatasi mbili. Storibodi inabaki kwa mpangilio wa hadithi, imebandikwa ukutani ili kila mtu ajue yuko wapi. Orodha ya kupiga inafuata vituo. Nambari ya shoti iwe ileile kwenye zote mbili na kwenye klapa, kile kibao kinachopigwa mbele ya kamera, 3A ibaki 3A, vinginevyo mimi mhariri nitakuwa nikibahatisha.

Sababu ya pili ni kutojua shoti ipi inaweza kufa. Kabla ya siku ya kazi, weka alama kwenye shoti tano ambazo hadithi haiwezi kuishi bila hizo, uzipange mapema. Mchana ukipungua, zinakatwa nyingine, bila ugomvi.

Tatu ni jua lenyewe. Dar es Salaam huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro kidogo, kutegemea mwezi, na likishazama mwanga wa kufanyia kazi unabaki kama dakika 20 tu. Anayechora shoti nne za machweo amechora tatu zisizowezekana. Chora moja, na ya pili ya akiba.

Timu ikishapita saa 12 kazini, simamisha. Dereva aliyelala usukumoni usiku wa kurudi ni hatari kuliko shoti iliyokosekana.

Dalili: sini moja, saa mbili tofauti

Shoti ya binti ina kivuli kirefu, ya mjomba ina kivuli chini ya miguu. Wanazungumza wakati mmoja lakini mmoja ni asubuhi, mwingine ni adhuhuri. Huku kwetu jua linapanda haraka. Mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba linapita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu aliye Dar, macho yanageuka mashimo meusi. Kwenye ramani ya kutoka juu chora mshale wa mashariki. Piga shoti pana asubuhi, adhuhuri ingia chini ya paa la soko upige klozapu, jioni toka nje tena. Kipande cha shuka jeupe juu ya msanii kitasaidia klozapu, hakitasaidia shoti pana.

Ufukweni ongeza maji. Asubuhi mashua zimelala mchangani, saa sita baadaye zinaelea. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, hivyo ukirudi kesho saa ileile hukuti bahari ileile. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kuzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni ndogo, na ufukwe haubadiliki sana. Ukiwa na siku mbili za kupiga, chagua za maji mafu. Waulize wavuvi wa hapohapo, wanaishi kwa kalenda hiyo.

Msiweke kamera wala msanii juu ya mwamba au fungu la mchanga maji yakianza kujaa bila mtu wa bahari aliye pamoja nanyi.

Dalili: mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha

Hii si ya storibodi, lakini huletwa kwangu pamoja na zile nyingine. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu 30 kwa sekunde. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50, au fremu 50 na shata 1/100, na uandike namba hizo juu ya orodha ya kupiga ili kamera zote mbili zifanane. Mistari ikibaki, taa ya LED ya bei rahisi iliyopunguzwa mwanga ndiyo inayofuata kushukiwa: iwashe kikamilifu, kisha isogeze mbali badala ya kuipunguza. Mwisho kabisa ni jenereta dogo ambalo mwendo wake unapanda na kushuka.

Hapa simama: kuunga waya moja kwa moja kwenye mita, kugawa taa kwa nyaya zilizochunwa, au kulaza nyaya kwenye sakafu yenye maji kama ya soko la samaki. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania. Usisubiri mtu ashtuke kwanza.

Dalili: kwenye simu, mjomba hayumo

Mteja ameomba toleo la kusimama la 9:16. Ukikata kutoka 16:9 unabaki na chini kidogo ya theluthi ya upana. Mazungumzo ya watu wawili waliosimama pembeni mwa fremu hayawezi kuokolewa. Kila kisanduku kipigwe mistari miwili ya wima tangu siku ya kuchora, na shoti ya wawili ipangwe mmoja nyuma ya bega la mwenzake.

Dalili: kisanduku kimoja kinawatia watu hofu

Kila storibodi ya kijana ina kimoja: droni juu ya umati, kamera ikiwa kwenye pikapu inayokimbia, mashua kwenye mawimbi. Timu ikinyamaza mkifika kisanduku hicho, ukimya huo uchukue kama hitilafu uliyoripotiwa.

Anza na ruhusa. Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu, Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa, filamu na utamaduni, na kwa Kenya KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu. Droni ina mamlaka zake za anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya. Feri iko jirani na Ikulu ya Magogoni, kwa hiyo usiruke hata kwa majaribio ya dakika moja. Kwa gari, msanii asiendeshe huku akiigiza barabarani, na mtu asisimame nyuma ya pikapu. Lisimamishe gari gizani, mtu mmoja alitikise taratibu, wengine wapitishe taa kwenye kioo. Moto, silaha hata ya bandia, na mapigano yenye kuanguka vinahitaji mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Kama bajeti haimfikii, kisanduku kifutwe.

Kabla ya kukifuta, uliza kilikuwa na kazi gani. Droni ya Feri ilikuwa na kazi moja, kuonyesha binti ni mdogo katikati ya watu wengi wasiomjua. Kamera juu ya jukwaa imara la mita 2 ndani ya soko, lenzi ya 24, binti akitokea mbali kabisa chini ya paa, akipotea nyuma ya migongo ya wachuuzi, akionekana tena, akipotea tena, mpaka anafika karibu na lenzi na tunauona uso wake. Chora hiyo, mshale wake uelekee kushoto.